Giaboksi ya Otomatiki Inapochoka Katika Nchi ya Chai

Giaboksi ya otomatiki ni mashine inayoendeshwa na oili. Pampu iliyo mbele yake, inayozungushwa na injini, hunyonya oili kutoka kwenye sampu, bakuli lililo chini ya giaboksi, huipitisha kwenye chujio, kisha huisukuma kwa nguvu hadi kwenye sanduku la vali, kipande cha alumini chenye vijia vingi vyembamba kama kichuguu kilichopasuliwa. Vali hizo ndizo zinazoipa oili njia. Ikibana kundi hili la klachi, gia ya kwanza inashika. Ikiliachia na kubana lile, ya pili inaingia. Mahali pa klachi ya mguu pana tokonveta, chombo cha mviringo ambamo magurudumu mawili yenye mapezi yanatazamana ndani ya oili: moja huzungushwa na injini na kuirusha oili, la pili hupigwa na oili hiyo na kuizungusha giaboksi. Oili ni ile ile moja, na ndiyo inayosukuma, inayobana, inayolainisha na inayobeba joto. Ikipungua, ikichafuka au ikiungua, viungo vyote vya ndani huugua kwa pamoja. Kwa hiyo uchunguzi wa otomatiki iliyozeeka huanzia kwenye oili, na spana hungoja zamu yake.

Magari ya namna hii ni mengi katika kaunti za Kericho na Bomet. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na wanunuzi wengi huchagua lililokaribia ukomo huo kwa sababu bei yake inafikika. Hivyo gari hushushwa Mombasa likiwa na miaka saba, na likitumika Litein au Silibwet kwa miaka kumi linakuwa na kumi na saba. Ndivyo zilivyo Toyota Probox nyingi, gari lililotoka mwaka 2002 na kubaki na otomatiki ya gia nne hadi 2014. Ndivyo zilivyo Premio za 240, Fielder za zamani na Noah. Mkulima hulinunua bonasi ya majani chai inapolipwa Oktoba, hulitumia miaka kadhaa, humuuzia mwenye kubeba abiria, naye humuuzia mwingine. Oili ya injini hubadilishwa mara kwa mara kwa kuwa kila mtu anaijua. Ya giaboksi huenda ikapita mikono minne bila hata mmoja kuuliza ilimwagwa lini.

Nchi yenyewe nayo ina mchango wake. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini isiyo na taabo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Probox ya cc 1,500 iliyobeba watu na magunia kupanda kutoka Awasi kuelekea Kapsoit hulazimika kukanyagwa sana, na giaboksi hurudi gia ya tatu, hupanda ya nne, hurudi tena ya tatu. Wakati huo wote klachi ndogo iliyo ndani ya tokonveta, ambayo kazi yake ni kuifunga kabisa ili isiteleze, haipati nafasi ya kufunga. Oili huchapwa na kupata joto. Wenye magari wengi hudhani huko kupandapanda kwa gia ni ugonjwa, lakini mara nyingi ni injini iliyozidiwa na mlima. Tiba yake iko kwenye kitufe cha O/D kilicho kwenye kishikio cha gia: kikibonyezwa mpaka taa ya O/D OFF iwake, gia ya nne huzuiwa, gari hupanda kwa ya tatu likiwa limetulia, na oili hupoa.

Kuna pia suala la maji kuchemka. Kwenye kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka yakifika karibu nyuzi 93 za Selsiasi, si 100. Redieta huyazuia kuchemka mapema kwa kuyaweka chini ya shinikizo, na shinikizo hilo hushikiliwa na kifuniko chenye raba na springi. Raba ikiisha, kifuniko hakishiki tena. Katika magari mengi ya Kijapani bomba la kupozea oili ya giaboksi hupita ndani ya tangi la chini la redieta hiyo hiyo, kwa hiyo redieta ikishindwa giaboksi nayo hupata homa. Kifuniko ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa katika gari, na inasikitisha kwamba giaboksi nzima inaweza kuharibika kwa ajili yake.

Halafu kuna matope. Mvua ya nchi ya chai hainyeshi kwa msimu mmoja ikakoma. Karibu kila mwezi una yake, na ile ya Machi hadi Mei hugeuza barabara za udongo mwekundu zinazoelekea vituo vya kukusanyia majani, kwa mfano huko Konoin na Bureti, kuwa utelezi mtupu. Dereva aliyekwama huweka D, hukanyaga, huweka rivasi, hukanyaga tena, akilibembeza gari litoke. Magurudumu huzunguka pale pale, na sehemu ya nguvu ya injini huishia kuwa joto ndani ya tokonveta. Dakika chache za zoezi hilo huizeesha oili kuliko siku nyingi za safari ya lami. Kubadilisha gia kabla magurudumu hayajasimama ni vibaya zaidi, kwa maana klachi za rivasi hulazimika kusimamisha kitu kinachozunguka kwa kasi upande mwingine. Matawi au magunia chini ya tairi na mikono ya majirani hugharimu kidogo kuliko klachi.

Upimaji wa oili katika gari lenye kijiti cha giaboksi hufanywa injini ikiwa inanguruma, tofauti na oili ya injini. Gari huendeshwa mpaka lipate joto, husimamishwa mahali tambarare, breki hukanyagwa, na gia hupitishwa taratibu kutoka P hadi L na kurudi P. Ndipo kijiti huchomolewa, hupanguswa, hurudishwa na kuchomolewa tena. Kina alama za baridi na za moto, na za kuaminiwa ni za moto. Kupima injini ikiwa imezimwa ni kosa la kawaida sana. Oili iliyokuwa inazunguka hushuka kwenye sampu, kijiti kinaonyesha imejaa, na mtu anaendelea kuendesha giaboksi yenye upungufu. Baadhi ya magari mapya kidogo hayana kijiti kabisa. Hayo hupimwa kwa nati ya pembeni au ya chini, gari likiwa limeinuliwa sawasawa na oili ikiwa na joto lililotajwa na mtengenezaji. Hiyo ni kazi ya gereji.

Tone la oili likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe hueleza mengi. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Ya hudhurungi kama strungi imezeeka, na kwa kawaida hakijaharibika kitu isipokuwa yenyewe. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema klachi zimeteleza na utando wake umeungua ukaingia kwenye oili. Ikiwa na rangi ya waridi hafifu na uzito wa mtindi wa stroberi, maji ya redieta yameingia. Huo ni msiba wa haraka, kwa kuwa utando wa klachi una karatasi ndani yake na umebandikwa kwa gundi. Maji huuvimbisha na kuubandua. Gari la namna hiyo halipaswi kuendeshwa hata kilomita moja hadi redieta ibadilishwe na giaboksi isafishwe. Sampu ikifunguliwa, kuna ushahidi mwingine chini: vumbi laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida wa umri, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni gia au beringi iliyovunjika.

Oili ikiwa pungufu, imetoka mahali, kwa sababu giaboksi haichomi oili kama injini. Hutafutwa kwenye gasketi ya sampu, kwenye sili za ekseli mbili za mbele, kwenye mipira ya kwenda redieta, na kwenye sili ya tokonveta, ambayo huvuja katikati ya injini na giaboksi. Kwenye barabara za mawe sampu yenyewe huwa mtuhumiwa wa kwanza. Ikigongwa na kubonyea ndani, huweza kulikaribia chujio na kuziba mdomo wake bila kutoa tone hata moja nje. Giaboksi hukosa oili ingawa kijiti kinasema imejaa. Kuchungulia chini ya gari kwa tochi huchukua dakika mbili.

Kabla ya kuilaumu giaboksi kwa mtikisiko au mshtuko, kuna vitu vya nje vinavyoiga magonjwa yake, na hapa ndipo fedha nyingi za wenye magari hupotea. Raba zinazoshika injini huchanika kwenye barabara mbovu. Gari likiwekwa D injini nzima huruka na kugonga, na mtu huambiwa klachi zimekufa. Njia ya utambuzi ni rahisi: boneti hufunguliwa, msaidizi hukanyaga breki na kubadilisha kati ya D na R, na injini hutazamwa inavyoinuka. Plagi au koili mbovu husababisha mtetemo mlimani unaofanana kabisa na tokonveta inayoteleza. Throto chafu humfanya dereva akanyage zaidi, na kompyuta huchelewesha gia. Kebo ya kishikio cha gia ikilegea, kishikio huonyesha D wakati vali ya ndani iko kati ya D na N, na klachi hubanwa nusu tu mpaka ziungue. Katika magari ya miaka ya 1990, kama Corolla ya 110, kuna kebo nyingine inayotoka kwenye throto hadi ndani ya giaboksi na kuiambia injini imekanyagwa kiasi gani. Ikilegea, gia hupanda mapema na kuteleza. Ikikazwa kupita kiasi, huchelewa na kuingia kwa kishindo. Marekebisho yake ni nati mbili.

Asubuhi za Kericho zina tabia nyingine isiyo ugonjwa. Oili ya baridi ni nzito, na kompyuta za Toyota nyingi huizuia gia ya nne mpaka maji ya injini yapate joto la kutosha. Gari linalokataa kupanda gia ya mwisho kwa kilomita za mwanzo, kisha likatulia, ni zima. Linalokataa siku nzima huenda lina themostati iliyokwama wazi, na ikibadilishwa tatizo lote huondoka.

Umeme huchunguzwa baada ya hapo. Kompyuta ya giaboksi hufungua na kufunga vali kwa solenoidi, koili ndogo za umeme zilizo ndani ya sampu, na ikigundua hitilafu huhifadhi namba yake. Katika Toyota nyingi za zamani taa ya O/D OFF huanza kupepesa yenyewe, na watu wengi huiona wakadhani ni kitufe kimekwama. Kifaa cha kusoma namba huchomekwa chini ya dashibodi, na vile vidogo vinavyozungumza na simu sasa viko hata mikononi mwa mafundi wa jua kali. Namba P0750 huelekeza kwenye solenoidi ya kwanza ya kubadilisha gia, P0740 kwenye mfumo wa kufunga tokonveta. Namba ni anwani ya mahali pa kuanzia tu. Solenoidi za kubadilisha gia za Toyota nyingi hupimwa kwa mita ya umeme na zinapaswa kuwa na omu 11 hadi 15. Zikisoma sawa, waya na soketi ndizo zinazotafutwa, hasa pale maji ya barabarani yalipoingia na kuacha kutu ya kijani. Swichi iliyo ubavuni mwa giaboksi, inayoeleza kishikio kiko wapi, hupata kutu hiyo hiyo. Dalili yake ni gari kukataa kuwaka kwenye P na kuwaka kwenye N, au taa za rivasi kutowaka.

Yakishindikana hayo, majaribio mawili huonyesha hali ya klachi bila kufungua kitu. La kwanza ni la muda. Gari likiwa na joto, injini ikinguruma taratibu na breki ikiwa imekanyagwa, kishikio hutolewa N kwenda D na muda huhesabiwa mpaka mshtuko mdogo usikike. Kwa otomatiki nyingi za Toyota usizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R usizidi 1.5. Ukizidi, shinikizo la oili limepungua au sili za klachi zimekauka. La pili ni zito. Magurudumu huzuiwa kwa mawe, breki zote mbili hubanwa, na injini hukanyagwa hadi mwisho gari likiwa D, kisha R, kwa sekunde zisizozidi tano, huku mizunguko ya injini ikisomwa. Ikipanda kupita kiwango cha kitabu katika gia zote mbili, shinikizo ni dogo. Ikipanda katika D pekee, klachi za mbele zimeisha. Katika R pekee, za nyuma. Ikiwa chini ya kiwango kote kuwili, injini haina nguvu au tokonveta ina hitilafu. Fundi wa Kericho lazima akumbuke kwamba kwenye kimo chake hata injini nzima husoma chini kidogo ya kitabu. Jaribio hili lifanywe na fundi, na lisifanywe kabisa kwenye gari lenye oili iliyoungua.

Kama oili imezeeka lakini klachi bado zinashika, kubadilisha oili hutosha. Kuna imani kubwa kwamba oili mpya huua giaboksi kuukuu. Imani hiyo imetokana na magari yaliyopelekwa gereji yakiwa tayari yanateleza. Klachi zake zilikuwa zimekwisha, na lawama ikaangukia oili. Ukweli uliomo ni kwamba kuisafisha giaboksi chafu kwa mashine ya shinikizo kunaweza kung'oa uchafu na kuupeleka kwenye vijia vya vali. Njia ya upole ni kumwaga kwa nati ya sampu na kujaza kiasi kile kile. Giaboksi ndogo ya gia nne huchukua lita 6 na ushei, lakini zinazomwagika ni 3 hivi, kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya tokonveta. Kumwaga mara moja huacha karibu nusu ya oili chafu, mara ya pili robo, mara ya tatu sehemu moja ya nane. Kati ya mmwago na mmwago gari huendeshwa kilomita 500 hadi 1,000. Chujio na gasketi hubadilishwa katika mmwago wa kwanza.

Aina ya oili haina mjadala. Toyota za zamani zilitengenezewa T-IV, zilizofuata WS, na hizo mbili hazichanganywi. Magari mengi yaliyofuata, kama Premio za 260, hayana gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na oili yake ni nyingine kabisa. Mkanda huo hushika puli kwa msuguano ambao oili yake imeundwa kuulinda. Ukitiwa oili ya kawaida ya otomatiki (ATF) huteleza, hukwangua puli, na giaboksi huanza kulia kama nyuki. Jina la oili limeandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari, si kwenye kumbukumbu ya muuzaji.

Klachi zikiwa zimekwisha, kuna njia mbili: kuifungua na kuweka klachi, sili na gasketi mpya, au kununua giaboksi nzima iliyotumika kutoka Japani, inayouzwa Nakuru, Kisumu au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Katika maeneo ya chai njia ya pili hutumika zaidi kwa kuwa mafundi wa kufungua otomatiki ni wachache. Bamba lililo chini ya boneti huonyesha namba ya giaboksi ya gari, nayo lazima ilingane. Sura ya nje hudanganya, na soketi za waya zinazofanana huenda zikawa na solenoidi tofauti. Inayonunuliwa itazamwe oili yake kabla ya fedha kutolewa.

Ufungaji una mitego miwili. Wa kwanza ni bomba la kupozea lililo kwenye redieta: limejaa vumbi la klachi zilizokufa, na lisiposafishwa au redieta isipobadilishwa, uchafu huo huingia kwenye giaboksi ngeni siku ya kwanza. Wa pili ni tokonveta. Lazima izungushwe na kusukumwa mpaka ikae kabisa kwenye pampu, na giaboksi iguse injini bila kulazimishwa. Fundi akiona pengo na kulivuta kwa kukaza bolti, tokonveta huibonyeza pampu na kuivunja. Giaboksi nzima ya pesa nyingi hufa kabla haijazunguka mara moja.

Gari lililokufa giaboksi njiani huvutwa magurudumu yanayoendesha yakiwa yameinuliwa, yaani ya mbele kwa Probox na wenzake. Injini ikizimwa pampu haizunguki, na kuliburuta magurudumu yakiwa chini huisaga giaboksi bila oili. Kosa hilo lina ndugu yake kwenye mteremko wa kwenda Ahero, ambako baadhi ya madereva huweka N ili kuokoa petroli. Injini ya sindano hukata petroli yenyewe gari likishuka kwenye gia mguu ukiwa umeondolewa, kwa hiyo hakuna kinachookolewa. Kinachopotea ni uzuizi wa injini, na breki hubaki peke yake na mzigo wote. Mteremko mrefu hushukwa kwa O/D OFF au 2. Na gari likiegeshwa mlimani, breki ya mkono huvutwa kwanza na P huwekwa baadaye, ili uzito usiangukie jino moja dogo la chuma ndani ya giaboksi.

Baada ya ukarabati wowote gari huendeshwa kwanza kwenye tambarare mpaka lipate joto, kisha kwenye mlima likiwa halina mzigo, gia zote zikisikilizwa moja moja, za kupanda na za kushuka. Kama betri ilichomolewa, kompyuta za baadhi ya magari huwa zimesahau zilichojifunza, na gia huweza kuingia kwa ukali kwa siku chache hadi zijifunze upya. Oili hupimwa tena ikiwa ya moto, sampu na mipira huchunguzwa kwa tochi, na baada ya kilomita 1,000 oili humwagwa mara moja zaidi ili itoke na vumbi la mwanzo.